Mshale Uliosema Uongo

Wasomaji wetu wapenzi, juma hili nataka kukusimulieni kosa langu mwenyewe. Lilianzia katika geji ya boti, likaishia katika moyo wa dada yangu.

Dada yangu ni mjane. Baada ya eda aliuza vikuku vyake vya dhahabu, nami nikaongeza nilichojaaliwa, tukanunua boti iliyotumika ili mwanawe apate kazi ya kuwatembeza wageni humu mwetu, katika hori ya Kilifi. Injini ya boti hiyo imo ndani, upande wa tezi, na mguu wake wenye rafadha umetokeza nje nyuma. Mguu huo huinuliwa na kushushwa kwa nguvu za mafuta, nahodha akibonyeza kitufe. Penye kina huuteremsha, penye maji haba huupandisha. Na kwa kuwa mguu uko nyuma yake, mbele amewekewa geji yenye mshale wa kumwonyesha umefika wapi.

Siku moja ya bamvua, maji yamekupwa sana, mpwa wangu alikuwa akirejea na abiria. Karibu na gati rafadha ikasaga mchanga na mawe, mabapa yake yakapinda. Mimi nilikuwapo. Nikamkemea mbele ya watu, nikamwambia kuwa amechezea mali ya mama yake. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Mjomba, mshale ulionyesha mguu uko juu." Nikamwambia asitafute visingizio.

Yule aliyeitwa kwanza kuitengeneza hakupima kitu. Alisema geji imekufa, akatuuzia mpya. Tulipoifunga, mshale ukapanda juu na kuganda palepale, mguu uwe chini au uwe juu. Nikazidi kuamini kuwa kijana ameharibu jambo asilotaka kulisema. Dada yangu hakunijibu neno, ila siku zile chakula alikuwa akinipakulia bila kunitazama.

Ndipo nikaletewa fundi mmoja mtu mzima. Boti ilikuwa imepandishwa pwani juu ya tela. Kabla ya kutia mkono popote, aliuinua mguu akaukingia gogo imara, kwani ukishuka ghafla huvunja mkono wa mtu. Kisha akaniambia, "Sheikh, hapa pana mashahidi watatu: geji, waya na sensa. Tumhoji kila mmoja peke yake."

Akamwanza geji. Nyuma yake mna vijiti vitatu: kimoja cha umeme utokao kwenye swichi, kimoja cha hasi, na kimoja cha waya utokao kwenye sensa. Akafungua ufunguo bila kuwasha injini, akapima vijiti viwili vya kwanza, mita ikaonyesha volti 12 na ushei. Umeme ulikuwa unafika. Akauchomoa waya wa sensa: mshale ukabaki juu. Akaunganisha kijiti hicho na hasi kwa kipande cha waya: mshale ukateremka hadi chini. "Geji hii ni nzima," akasema, "na bila shaka ile ya kwanza nayo ilikuwa nzima. Isipopata khabari yoyote, hupanda juu."

Akaenda nyuma, kwenye chumba cha injini, akaziachanisha nyaya za sensa na kuzitia mita. Akaondoa gogo, akamwambia kijana aushushe mguu polepole kisha aupandishe, sote tukiwa mbali nao. Sensa ikiwa nzima, namba za omu hupanda na kushuka taratibu pamoja na mguu. Yetu ilitakiwa kuanzia kama 10 mguu ukiwa chini kabisa. Mita haikusoma kitu. Gogo likarudishwa, fundi akautikisa waya pale unapojikunja karibu na mguu. Namba ikatokea, ikapotea, ikatokea tena.

Akaupasua waya ule kwa kisu. Ganda la nje lilikuwa zima, na shaba ya ndani imeliwa na chumvi, imekuwa unga wa kijani. Kijana alikuwa amesema kweli tangu siku ile.

Sensa mpya ilikuja na nyaya zake. Fundi aliifunga, akashusha mguu hadi mwisho, akaizungusha sensa kidogo kidogo hata mshale ukakaa sawa kwenye alama ya chini, ndipo akakaza skurubu. Kifaa cha upande wa pili, kinachozuia mguu usipande kupita kiasi chombo kikiwa mwendoni, hakukigusa, kwani hakikuwa na kosa. Na mpwa wangu naye alipata lake: "Mwanangu, maji yakiwa haba, geuka utazame tezi kwa macho yako. Usimwachie mshale roho za watu."

Wasomaji wangu, mimi husomesha Surat al-Hujurat, na kila mwaka hufika kwenye amri ya kuhakikisha khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Walakini kwa mtoto niliyemlea sikutaka hata kupima waya. Nilimkemea mbele ya watu, kwa hivyo nilirudi gatini nikamtaka radhi mbele ya watu walewale. Akaninyamazia kitambo, kisha akasema, "Yamekwisha, Mjomba." Kwa dada yangu nilikwenda peke yangu usiku. Fedha ya geji ambayo haikuhitajika nimeilipa mimi.

Sasa kila asubuhi, kabla ya kupakia abiria, kijana huushusha na kuupandisha mguu, akatazama nyuma, kisha akautazama mshale. Hulinganisha.

Wabillahi tawfiq.