Mkrismasi Unaoinama wa Kansay

Ukiiacha lami inayopanda kwenda lango la Ngorongoro na kushika barabara ya vumbi ya Kansay, miti ya mipakani mwa mashamba ni miti ya kazi: migrivea ya kuni na mbao, mikrismasi iliyopangwa mstari kuzuia upepo. Kila mmoja una siku yake ya kukatwa. Nilisimama nilipouona mmoja usiokuwa na siku hiyo, uani kwa mzee wa Kiiraqw. Shina limepanda wima hadi usawa wa paa la bati, kisha ncha ikageuka, na matawi yote yakashuka chini, marefu, ya kijani chenye kijivu.

"Shikamoo, aako," nilisema, yaani babu kwa Kiiraqw.

"Marahaba. Umekuja kuuangalia? Pita ndani."

Miaka mingi alikuwa mtunza bustani kwenye hoteli za watalii Karatu, na mti huu aliupata kwenye kitalu ukiwa mche wa kutupwa. Shingo ilikuwa imelala, na mche uliolala hautoi nguzo. Mkrismasi ni saipresi, na asili yake ni milima ya Mexico na Amerika ya Kati. Kwetu ililetwa kwa ajili ya mbao, na mashamba ya serikali kama Meru-Usa na Shume yanaipanda kwa sababu hiyo. Majirani walimuuliza atapata nini. Mimi nafurahi kwamba hakuwasikiliza. Bhutan wana saipresi yao inayoinama na wameifanya mti wa taifa. Sioni kwa nini mti wa kutazamwa tu uwe haki ya bustani za wageni.

Mti wa namna hii ukiachwa hutambaa. Ncha yake haina nguvu ya kujisimamisha, kwa hiyo kimo chote ilicho nacho imepewa na mtu. Mzee alinionyesha kifungo kimoja: ukanda wa tyubu ya baiskeli umezungushwa shinani, ukapishana katikati, ndipo ukashika mti wa kuegemea, ili gome lisisuguliwe. Mti wenyewe wa kuegemea ni mtarakwa, kipande cha nguzo ya nyumba ya baba yake, na mchwa hawajaugusa. Kila masika ikiisha huvifungua vifungo vyote na kuvihamisha, maana shina linanenepa, na ukanda uliosahaulika huzama kwenye gome na kulikaba. Alipoona kimo kinatosha aliacha kuifunga ncha. Ikaanguka yenyewe.

Mkasi hautumii ovyo. Mgrivea ukiukata kichwa unachipua tena. Saipresi ukiikata hadi kwenye sehemu ya kahawia isiyo na majani, hapo hapaoti kitu, pengo linabaki. Hupunguza ncha za kijani tu. Matawi ya chini aliyaondoa mapema, yakiwa bado membamba kama penseli. Maji aliumwagia miaka ya mwanzo, lakini hakuupanda bondeni, kwa sababu mizizi yake haipendi kukaa kwenye maji. Na aliuweka mbali na mahindi: chini ya saipresi hakistawi kitu.

Anachokihofia ni vidukari. Wale wa saipresi walionekana Malawi mwaka 1986, wakaingia Tanzania 1988 na Kenya 1990, wakakausha mistari mizima ya miti, na mtarakwa wetu wa asili nao wakaushambulia. Mzee alifunua matawi ya ndani akapitisha kidole. Hakikunata, wala hakikutoka na weusi wa masizi. Ukiona sisimizi wanaupanda kwa msururu, alisema, ujue vidukari wameshafika, kwa kuwa sisimizi hufuata utamu wao. Hapo ni kuosha matawi kwa maji ya sabuni kabla hayajageuka kahawia.

Mama mmoja wa kigangoni ameomba mche wake, aupande mbele ya kanisa. Kwa mbegu ni kubahatisha, kwani miche mingi huenda ikakua wima. Kwa hiyo mzee amechukua vipandikizi, kila kimoja na kipande cha gome la tawi mama, akavichomeka kwenye mchanga kivulini, chini ya nailoni. Baadhi vimekauka. Vilivyobaki ni vya kijani, ila saipresi huweza kukaa kijani kwa miezi bila mzizi, naye hataki kuving'oa kuangalia. Amemwambia mama asubiri vuli.