Willy Gamba Angefika Mabawa

Jamani, kuna watu ukiwatajia marehemu Elvis Musiba wanakunja uso. Eti vitabu vya risasi na vimwana. Msomeni vizuri yule mzee, halafu mje tuongee.

Alianza na Kufa na Kupona mwaka 1974, vikafuata Kikosi cha Kisasi, Njama na Hofu. Shujaa ni yuleyule Willy Gamba, mpelelezi wa Kibongo, mtanashati, mkono mwepesi. James Bond? Sawa, harufu ipo. Lakini Bond alikuwa akiilinda Uingereza yake. Gamba anapambana na makaburu na vibaraka wao waliokuwa wakiwawinda wapigania uhuru. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa palepale Dar es Salaam, tangu 1963 hadi 1994, kwa hiyo Musiba hakwenda mbali kutafuta kisa. Alichukua siasa ya kwenye redio akaivalisha suti. Hapo ndipo anaponimaliza!

Tena anakutembeza. Akikupeleka Nairobi au Kinshasa, kijana wa Mabawa ambaye safari yake ndefu ni Muheza anajiona kashuka na ndege.

Dada yangu, aliyevisoma kabla yangu, ana kesi naye. "Warembo wote hao, mbona hakuna anayeachiwa nafasi ya kufikiri?" Tulibishana mpaka wali ukapoa. Akanitolea mfano wa Ben Mtobwa: Joram Kiango ana Nuru wake, na Nuru si pambo la mezani. Nikakosa la kusema.

Inanigusa kwa sababu nami naandika riwaya, usiku, wenzangu wakiwa kwenye mpira. Kaka anacheka: "Hata huyo Musiba wako alikuwa mfanyabiashara, kaongoza mpaka TCCIA. Wewe utakula karatasi?" Mshikaji mwingine anasema hakuna atakayenunua hadithi ya mtu anayekimbizwa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili. Kwa nini asinunue? Kinshasa nako kuna watu wanapika maharage.

Basi nimefika ukurasa wa arobaini na mbili. Jasusi wangu kashuka stendi ya Tanga na begi moja, kapanda bodaboda, kateremka Mabawa. Anayemngojea ni mwanamke, na yeye ndiye aliyemtumia tiketi. Dada anayo rasimu tangu Jumapili. Kaomba na kalamu nyekundu.