Walidhani bibi amepata usingizi

Usiku ule, katika nyumba moja ya Chiwanda kando ya Ziwa Nyasa, watu walishukuru Mungu kwamba bibi amelala. Wiki tatu saratani ilikuwa imemnyima usingizi. Sasa alikuwa akikoroma. Mkwewe alimfunika khanga, akapunguza taa, naye akaenda kujinyoosha.

Bibi alikuwa amerudi kutoka Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, akiwa na chupa ya mofini ya maji. Alitakiwa kunywa kipimo kimoja kila baada ya saa nne. Jioni ile maumivu yalizidi, mkwe akampa vipimo viwili kwa mpigo. Baadaye mwanawe wa kiume, kwa nia njema kabisa, akaleta kidonge cha valiamu alichonunua dukani bila cheti, ili mama apumzike. Tena tangu jana yake bibi alikuwa akikojoa kidogo sana, na figo zikichoka, mofini hujilimbikiza mwilini. Hilo hakuna aliyelijua pale nyumbani.

Aliyeshtuka ni mjukuu, msichana wa kidato cha tatu aliyelala chumba kimoja naye.

"Mama, amka! Bibi anakoroma kama mtu anayezama."

Mkoromo ulitoka, ukafuata ukimya mrefu, halafu ukatoka tena. Walimwita, wakamtikisa, wapi! Midomo ilikuwa imeiva rangi ya kijivu. Jirani alikuja mbio na kikombe cha maziwa, kwa kuwa huko, kama kwingi nchini, maziwa huaminiwa kuua kila sumu. Bahati nzuri muuguzi wa zahanati anaishi karibu, akafika kabla hayajamiminwa.

"Hapana, mama, asiyeamka hanyweshwi kitu. Yatamwingia mapafuni."

Alisugua mfupa wa kifua cha bibi kwa vifundo vya ngumi. Bibi alikunja uso tu. Akamulika macho kwa tochi ya simu: mboni zilikuwa ndogo kama tundu la sindano. Akahesabu pumzi kwa dakika nzima. Sita. Mtu mzima aliyetulia huvuta kumi na mbili au zaidi. Hapo akauliza alichokunywa, na mkwe akaeleza yote bila kuficha, hata kile kidonge. Wengi wangekificha kwa aibu.

Ukitaja dawa kuzidi, watu humfikiria kijana wa mjini na heroini, wale ambao Muhimbili imekuwa ikiwapa methadoni tangu 2011. Lakini mofini na heroini ni ndugu, na huua kwa njia ileile: ubongo husahau kupumua. Valiamu ikiongezwa juu yake, husahau upesi zaidi.

Muuguzi aliinua kidevu cha bibi ili njia ya hewa ifunguke, akaanza kumpulizia kwa mfuko wa ambu. Naloksoni, dawa inayoitoa mofini kwenye ubongo, haikuwepo zahanati. Wakaazima gari la mfanyabiashara wa usipa, na njia nzima aliminya mfuko ule, mjukuu akishikilia kichwa.

Hospitalini alichomwa naloksoni kidogo kidogo. Bibi akafumbua macho, akalia kwa maumivu, akamgombeza kila mtu. Familia ilitaka kuondoka saa ileile. Daktari akakataa: naloksoni huisha mwilini mapema kuliko mofini, na valiamu haiigusi kabisa. Kweli, saa moja haijapita bibi akaanza tena kuzama, ikabidi achomwe mara ya pili.

Asubuhi mkwe aliapa kwamba chupa ile ataitupa ziwani. Daktari hakukubali hilo pia. Maumivu ya bibi yalikuwa ya kweli. Alipunguza kipimo, akaurefusha muda, akapiga marufuku valiamu.

Siku hizi chupa inakaa kabatini, imefungwa, na ufunguo anao mjukuu. Pembeni limening'inizwa daftari: saa, kipimo, na idadi ya pumzi, kwa mwandiko wa kidato cha tatu. Bibi hulalamika kwamba anahesabiwa kama kuku.