Nyota kifuani mwa Mjerumani

Mwezi mmoja kabla ya Ramadhani, kamati ya msikiti wetu hapa Soweto, jijini Mbeya, ilikubaliana kutundika picha za wazee waliotutangulia katika ofisi ya madrasa. Nasema ofisini, wala si msikitini, kwa kuwa suala la picha lina hukumu zake na hatukutaka kuzusha mjadala. Mimi, nikiwa katibu, nilipewa kazi ya kuzikusanya na kuandika maelezo mafupi chini ya kila moja.

Picha ya kwanza kuletwa ndiyo iliyoninyima usingizi. Mzee wetu mmoja, mwenye miaka themanini na ushei, aliitoa katika sanduku la bati alilorithi kwa baba yake. Baba huyo alipanda huku nyanda za juu katika miaka ya 1930, wakati wa dhahabu ya Lupa, akitokea Bagamoyo. Picha imebandikwa juu ya kadi ngumu, na nyuma yake pana muhuri uliofutika nusu. Neno linalosomeka ni Zanzibar tu. Aliyesimama katikati ni Mzungu mwenye koti jeusi la vifungo, upanga kiunoni na nyota kubwa kifuani. Nyuma yake yupo baharia kijana wa Kizungu. Pembeni kabisa, nusu ndani ya kivuli, amesimama mtu wetu mwenye kanzu na kofia.

“Huyu Mzungu alisilimu,” mzee aliniambia kwa furaha. “Babu yangu ndiye aliyemtamkisha shahada. Tazama nyota yake, ina maandishi ya Kiarabu. Kafiri angeivaa ya nini?”

Sitaficha kwamba nilitamani iwe kweli. Ni kisa kizuri mno kwa watoto wa madrasa. Tena mzee huyu ndiye aliyetoa mabati ya darasa la pili, na nani angependa kumvunja moyo? Lakini aya ya sita ya Surat al-Hujurat inatuamrisha kuhakiki habari kabla ya kuitendea kazi, nami ndiyo aya niliyowasomesha vijana wiki ile ile. Nikaazima kioo cha kukuzia kwa fundi saa, nikaketi na ile picha usiku baada ya Isha.

Nilianza na mikono ya koti. Afisa wa wanamaji wa Kiingereza alivaa mistari ya dhahabu ambayo ule wa juu umejipinda na kufanya kitanzi. Afisa wa Kijerumani wa enzi ya Kaisari alikuwa na mistari iliyonyooka, na juu yake taji. Hapa palikuwa na taji. Kisha nikatazama kofia ya yule baharia kijana. Mabaharia wa wakati ule walivaa utepe wenye jina la meli yao. Herufi za mwanzo zimeliwa na wadudu, lakini za mwisho zinasomeka: WALBE. Katika manowari za Kijerumani zilizotumika pwani yetu, jina linalokubali herufi hizo ni Schwalbe, maana yake mbayuwayu. Meli hiyo ilishiriki katika vita vya kumzima Abushiri bin Salim.

Nishani nazo zina kanuni yake. Picha haiwezi kuwa ya kale kuliko nishani mpya kabisa iliyomo ndani yake. Mtu akiona msalaba wa chuma wenye tarakimu 1914, ajue picha ilipigwa mwaka huo au baadaye. Akiona ile medali ya vita vya makoloni, ajue si kabla ya 1912, mwaka ilipoanzishwa. Afisa wetu hana hata moja kati ya hizo. Anayo nyota peke yake.

Na nyota yenyewe? Niliilinganisha na picha za nishani za kale, nikaitambua. Ni nishani ya Sultani wa Zanzibar, iliyoanzishwa na Sayyid Barghash bin Said mwaka 1875. Jina lake la Kiarabu ni al-Kawkab ad-Durri, maneno ambayo msomaji wa Surat an-Nur atayatambua mara moja. Masultani waliwatunuku kwayo mabalozi, matabibu na maafisa wa manowari za kigeni zilizotia nanga bandarini, wengi wao wasiokuwa Waislamu. Ilikuwa heshima ya kidola, kama mwenyeji anavyompa mgeni zawadi. Jambo kama hilo lilitokea tena katika Vita vya Kwanza vya Dunia, pale Wajerumani waliopigana upande wa dola ya Othmaniya walipopewa nyota yenye mwezi mwandamo. Walirudi kwao nayo vifuani, na dini zao zikabaki zile zile.

Kwa hiyo nishani hutujulisha nani aliitoa. Haitujulishi kilichomo moyoni mwa aliyeivaa.

Hapo ndipo furaha ya kugundua ilipogeuka kuwa uzito. Mwezi Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri ya Barghash huyo huyo, mizinga ikiwa tayari, mpaka akakubali madai ya Wajerumani bara. Baada ya kufariki kwake mwaka 1888, mrithi wake Sayyid Khalifa akatia saini mkataba uliowapa Wajerumani uendeshaji wa pwani. Watu wa Pangani, Sadani na Bagamoyo wakakataa. Manowari zikapiga mizinga, bahari ikazingirwa, na tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri akanyongwa Pangani. Basi afisa wa Schwalbe angeweza kuwa na nyota ya Sultani Mwislamu kifuani na wakati huo huo akaamuru mizinga ielekezwe kwenye miji ya Waislamu. Na sisi tulikuwa karibu kumtundika ukutani kwa watoto wetu kama ndugu katika imani.

Sikulipeleka jambo hili kwenye kikao. Kumsahihisha mzee mbele za watu ni kumvunjia heshima. Nilikwenda nyumbani kwake baada ya Alasiri, nikamwamkia, nikaketi mkekani, nikamwekea picha na kioo. Nilimweleza yote, polepole, nikimwonyesha taji, utepe, kisha nyota.

Alinyamaza muda mrefu. Nilidhani amekasirika.

“Mwanangu,” alisema mwishowe, “baba yangu alinisimulia kisa hiki nami nikakisimulia kwa wanangu. Unataka niseme baba yangu alikuwa mwongo?”

“Hasha, babu. Aliona nyota yenye maandishi ya dini yake, akaidhania kheri. Kudhania kheri si uongo. Ila sisi sasa tumejua, na anayejua akanyamaza hana udhuru.”

Alikichukua kioo. Sikutarajia alichokifanya. Hakumtazama Mzungu hata kidogo. Alikisogeza hadi pembeni, kwa yule mwenye kanzu. Akamtazama mpaka macho yakamlenga machozi. “Tumemsifu huyu mwenye upanga miaka yote,” alisema, “na babu yangu tumemwacha kivulini. Alikuwa nahodha wa mashua. Alisomesha Qur'ani watoto wa mtaa wake bila malipo. Hayo baba alinihadithia pia, lakini hakuna aliyeniuliza.”

Nikafungua daftari, nikauliza. Tulikaa hadi adhana ya Magharibi. Niliandika jina la nahodha na la baba yake, mtaa aliokaa, na majina ya watoto aliowakumbuka mjukuu wake kwa kusikia. Familia imeniomba nisiyataje hapa gazetini, nami nimeitii.

Picha sasa imo ofisini, kwa ridhaa ya mzee mwenyewe. Maelezo chini yake yanaanza na nahodha wa Bagamoyo, mwalimu wa Qur'ani, kwa jina lake kamili. Mstari wa pili unasema kwamba wengine ni afisa na baharia wa jeshi la wanamaji la Ujerumani, na kwamba nyota ni tunu ya Sultani wa Zanzibar. Hatukuandika neno zaidi ya tunalolijua.

Ndugu msomaji, huenda nawe una sanduku kama lile chini ya kitanda cha bibi au babu. Lifungue wangali hai. Waulize majina ya waliosimama pembeni, uyaandike nyuma ya picha kwa penseli, taratibu, usiikwaruze. Allah awarehemu waliotutangulia, na atujaalie kuwasimulia kwa haki.