Shahidi mmoja hatoshi

Kimya kingi kina mshindo. Wiki hii nilikuwa bondeni Msimbazi na wenzangu watatu wa Jiografia. Sisi wa Ualimu watu wanatujua kwa chaki tu, lakini upimaji uko kwenye Jiografia ya Kidato cha Tatu, sasa utaufundishaje hujawahi kukanyaga tope?

Kazi yenyewe ilikuwa kutafuta kimo cha maji ya mafuriko ya Desemba 2011, yale yaliyoua watu zaidi ya 40 hapa Dar. Kwenye baadhi ya kuta bado kuna mstari wa tope. Ukijua mstari uko mita ngapi juu ya usawa wa bahari, unaweza kuchora maji yalikofika. Bonde lile ni tambarare, kwa hiyo nusu mita tu inaweza kuingiza mtaa mzima kwenye rangi ya bluu au kuutoa.

Mwenzetu mmoja akasema tuchukue vimo vya bure vya angani, vile vilivyopimwa na chombo cha Endeavour Februari 2000 kwa siku 11. Dah! Vile vinapima mapaa na vichwa vya miti, na vinaweza kukosea kwa mita kadhaa. GPS nayo ina vituko vyake. Inahesabu kimo kutoka kwenye umbo la dunia la kihesabu, siyo kutoka baharini. Bila masahihisho, ukisimama ufukweni Coco itakusomea zaidi ya mita 20 chini ya sifuri, na wewe umesimama mchangani mkavu, teh teh!

Basi ikabidi tutafute alama za kimo, zile wapimaji wanaziita BM, chuma au zege lenye kimo kilichokwisha pimwa. Kwenye orodha yetu ya kwanza zilikuwa tatu. Moja ilishazolewa na upanuzi wa barabara. Ya pili iko juu ya kalavati, ya tatu kwenye msingi wa jengo la zamani mlimani. Tukapima kutoka ya tatu hadi ya pili, tukakuta tofauti na orodha ya sentimita 14. Nani mwongo? Alama mbili zikigombana huwezi kujua, lazima umtafute shahidi mwingine. Tukaipata ya nne nyuma ya uzio wa kanisa, karibu kilomita moja. Ikakubaliana na ile ya jengo kwa milimita 6, wakati umbali huo kazi ya kawaida inaruhusu kama 12. Kumbe kalavati lilikuwa limezama taratibu na alama yake mgongoni.

Kigogo tukamwamkia bibi mmoja tupime mstari ukutani kwake. Akauliza, "Wajukuu zangu, hiyo ramani itasema nyumba yangu imo au haimo?" Tukamjibu kwamba yetu ni ya mazoezi tu. Ila nilijiuliza, je, kuna mtu angekuja na ramani ya kweli iliyoanzia kwenye lile kalavati? Mahesabu yote yangekuwa safi, na bibi angehamishwa au kuachwa kwenye hatari kwa sentimita 14 ambazo hakuna aliyezihakiki.

Kwa hiyo wadau mnaokwenda BTP, mkifika mada ya upimaji msianze na fomula. Chukueni mpira wa maji, ule wa mafundi ujenzi, na wanafunzi wahamishe kimo kutoka ngazi ya ofisi hadi mlingoti wa bendera na kurudi. Wasiporudi kwenye namba ile ile, warudie. Halafu waulizeni: hii ngazi nayo, nani aliipima, lini, na kutoka wapi?

Nawakilisha. Foleni ya kafteria inaniita, na boom halijatoka.