Chumba cha mama kutoka Idjwi

Juma hili siongei juu ya masomo ya watoto. Nataka kuwapeleka Idjwi, halafu turudi pamoja mpaka ndani ya chumba kimoja cha nyumba yetu hapa Bukavu.

Baba alipofariki, tulimleta mama mjini akae nasi. Tulimtengenezea chumba: godoro nene, rido zenye kung'aa, maua ya plastiki, saa kubwa ukutani. Mama alishukuru. Lakini mchana kutwa alikaa nje karibu na jiko, na usiku nilimsikia akigeuka-geuka. Nilipomuuliza, akajibu: «Mwanangu, humu niko mgeni. Sijui mikono yangu niiweke wapi.»

Neno hilo lilinichoma. Likizo ilipofika nikapanda boti.

Idjwi ni kisiwa katikati ya ziwa Kivu, kati ya upande wetu na Rwanda. Ziwa liko juu, karibu metre 1.460, kwa hiyo upepo wa asubuhi ni wa baridi. Beba kitenge cha kujifunika. Ukikaribia unaona milima yenye ndizi, kahawa na mananasi, na mitumbwi ya wavuvi wa sambaza ikirudi nyumbani.

Katika nyumba yetu ya zamani niliketi nikatazama kama mwanafunzi. Hakuna kitu kilichowekwa kwa kupendeza tu. Mkeka ni wa kulalia, wa kupokelea wageni, wa kuanikia maharagwe. Kitunga kinatunza mbegu. Kigoda ni kifupi ili mikono ifike motoni. Na bado chumba kilikuwa kizuri.

Nyungu nilienda kununua kwa wamama Wambuti, wanaofinyanga udongo kisiwani. Wengi wao hawana shamba, nyungu ndiyo chakula cha watoto, na sufuria na ndoo za plastiki zimewapunguzia wanunuzi. Nikiwa mtoto, nyungu zao tulizipokea, lakini kukaa nao na kula pamoja hapana. Nawaandikia hilo kwa haya. Safari hii niliketi chini pamoja na mfinyanzi mmoja, tukala viazi vyake, nikalipa bei aliyosema bila kupunguza. Nyungu mbili nilizifunga kwa majani ya ndizi, nikazishika miguuni mpaka bandarini.

Nyumbani tuliondoa rido zile, tukaweka za pamba nyepesi. Kigoda tulikiweka karibu na dirisha, penye mwanga. Mkeka tuliutandika chini. Lakini sakafu ya sima inatoa unyevu, basi uinue kila siku na uuanike juani mara kwa mara, la sivyo utaota ukungu. Nyungu mpya ioshe, ijaze maji, iache siku moja, umwage, ndipo uitumie. Maji ya kunywa yanabaki baridi humo.

Bwana yangu alitaka kupigilia kitunga ukutani, kama alivyoona katika hoteli. Mama akacheka: «Kitunga chenye misumari kitabeba nini?» Tukakishusha, tukatia maharagwe ya kuchagua.

Gharama haikuwa kubwa. Maua ya plastiki na rido vilitupita bei. Kosa langu lilikuwa kupamba bila kumuuliza atakayelala humo. Kama unamtengenezea mzazi au mgeni chumba, muulize kwanza: asubuhi ukiamka, mikono yako inatafuta nini?

Sasa mama anashinda ndani. Jioni wajukuu wanajaa juu ya mkeka, naye anawafundisha majina ya vitu kwa Kihavu, hata mimi najifunza upya. Nyungu moja ilipasuka juma lililopita. Nilitaka kuitupa, mama ametia udongo, amepanda vitunguu.

Mubaki na amani, wamama.