Upepo wa Ziwa na Upepo wa Tairi

Kiswahili kina neno upepo, na hapa Nansio neno hilo limepewa kazi mbili zisizofanana. Upepo wa kwanza ni ule wa ziwani, ambao mvuvi huamka usiku wa manane kuuchungulia kabla ya kushusha mtumbwi. Upepo wa pili ni ule uliofungiwa ndani ya tairi. Wa kwanza huogopwa ukizidi. Wa pili huogopwa ukipungua. Nimeishi na watu wa makundi yote mawili, na ninashuhudia mbele yenu, wapenzi wa lugha, kwamba mwenye tela halali usingizi kuliko mvuvi.

Najua wapo watakaonisahihisha tangu aya hii ya mwanzo. Watasema kwamba kilichomo ndani ya tairi ni hewa iliyoshindiliwa, wala si upepo, kwa kuwa upepo ni hewa inayokwenda. Kwa elimu ya fizikia wana haki yao. Lakini nenda kwa fundi pancha yeyote pale karibu na gati, umwambie, "Naomba unijazie hewa," uone atakavyokutazama. Ataelewa, ila atajua kwamba umesoma. Nami naona neno la fundi lina akili kuliko letu. Hewa ya chumbani imetulia, haina haja na mtu. Ile ya ndani ya tairi haijatulia hata dakika moja. Usiku na mchana inatafuta mlango. Ni upepo uliotiwa kifungoni, na kila mfungwa huwaza kutoroka.

Kisiwa cha Ukerewe kina eneo la kilomita za mraba 530 hivi, kikubwa kuliko visiwa vyote vya Ziwa Viktoria. Kila kinachoingia hapa hufika kwa maji, kisha husafiri kwa gurudumu, na kinachotoka hufanya safari hiyo kinyumenyume. Ndipo tela linapopata heshima yake. Linabeba mihogo, machungwa, mchanga, mawe, matofali, na magunia ya dagaa yanayotangulia kwa harufu kabla trekta halijaonekana. Tazameni sasa maumbile ya chombo hiki. Hakina injini, hakina usukani, hakina honi. Mwenye gari hugawa wasiwasi wake: leo rejeta, kesho betri, keshokutwa klachi. Mwenye tela hana pa kuugawia. Hofu yote aliyojaliwa na Mola imekaa juu ya mipira minne.

Jirani yangu ni mmoja wao. Ni mzee wa heshima zake, aliyenunua tela kwa fedha za machungwa ya miaka mingi, na tangu siku hiyo salamu zetu zimebadilika. Zamani nikimwamkia, "Shikamoo mzee," aliitikia "Marahaba," akauliza habari za watoto. Siku hizi huitikia hali ameinama, sikio lake limeelekea kwenye tairi la nyuma upande wa kushoto.

"Mwalimu, hebu njoo. Wewe una masikio ya mashairi. Husikii kitu kinasema sss?"

Ninainama, nasikiliza. Mara nyingi ni panzi.

Amelifunika tela kwa magunia ili jua lisiyapasue matairi. Ameliinua juu ya matofali ili uzito usiyachoshe. Kisha, kwa kuwa limekwisha kufunikwa na kuinuliwa vizuri kiasi hicho, huona uchungu kulitoa. Mteja akija na mihogo yake, mzee humhoji kama mshenga: gunia ngapi, za ukubwa gani, njia ipi, lini ilinyesha mvua huko. Akikubali safari, hupakia kwanza matairi ya akiba. Alianza na spea moja. Likamjia wazo kwamba spea nayo ni tairi, na kila tairi linaweza kupata pancha, akaongeza spea ya spea. Siku moja nilimkuta akipanga la tatu, nikamuuliza mihogo itakaa wapi. Alinijibu kwa upole wa mtu anayemwelewesha mtoto: "Mwalimu, mihogo haina pa kukaa kama tairi halina pa kuanzia."

Kinachochekesha zaidi ni kwamba tahadhari hizi zote haziligusi jambo lenyewe. Tairi huzeeka hata likikaa bure. Ubavuni mwa matairi mengi, mwishoni mwa ule mfululizo wa herufi unaoanza na DOT, pana tarakimu nne ambazo wengi huzipita bila kuzisoma: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. 2316, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Ni ubeti mfupi kuliko yote niliyopata kuisoma, nao una habari nzima ndani yake. Mpira hukauka, hupata nyufa ndogo kama za udongo wa kiangazi, na tairi lisilotembea hukauka kama linalotembea. La gari hufa kwa kulika, likawa kipara, kila mtu akaona. La tela aghalabu hufa likiwa na meno yake yote, na ndiyo sababu kifo chake humshangaza mwenyewe.

Hapa siwezi kujizuia kumtaja mzee wetu wa kisiwa hiki, Aniceti Kitereza. Alimaliza kuandika riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, nayo ikachapishwa kwa Kiswahili, kwa tafsiri yake mwenyewe, mwaka 1980. Muswada ulingoja miaka 35, ukatoka mzima. Nilimpa jirani hesabu hiyo ili kumfariji kidogo. Alifikiri, akauliza kama muswada ule ulikuwa umefunikwa kwa magunia.

Jambo la pili wasilolijua wengi ni chanzo cha kupasuka. Tumezoea kudhani kwamba tairi hupasuka kwa kujazwa mno, kama puto la harusini. Mara nyingi ni kinyume chake. Upepo ukipungua, ubavu wa tairi hujikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka. Kule kujikunja huzaa joto. Joto hulegeza mpira ulioshikana na nyuzi za ndani. Na mzigo ukiwa mkubwa na mwendo mrefu, siku hiyo utasikia mlio hata ukiwa ng'ambo. Dereva naye hana habari. Tairi la mbele la gari likilegea, usukani humnong'oneza. La tela halina wa kumwambia. Linaungua kimyakimya huko nyuma, na dereva anapiga mluzi.

Kwenye malori makubwa yenye semi, yanayoshika barabara za bara kutoka Bunda, mambo ni mazito zaidi kwa sababu matairi huwekwa pacha. Moja likiishiwa upepo, mwenzake hulibeba, na kwa macho huoni kitu. Utingo mzoefu haamini macho. Gari likisimama, huzunguka na kipande cha nondo, anagonga kila tairi na kusikiliza. Zima huitikia kwa mlio wa juu unaorudisha nondo. Lililolegea hujibu kwa sauti nzito, kama mtu aliyeitwa usingizini. Nilipoliona jambo hilo mara ya kwanza nilisema moyoni: huyu anapima mizani. Sisi tunaotunga hufanya vivyo hivyo, tunagonga mshororo kwa vidole, nane kwa nane, ukwapi na utao, tukisikiliza kipande kilichopungukiwa. Mstari guni nao huweza kubebwa na mwenzake kwa muda, hasa ukiwa na mghani mwenye sauti nzuri, lakini joto linakusanyika humo.

Nani alituletea mashaka haya? Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, Mskoti aliyekuwa daktari wa mifugo mjini Belfast, alipata hataza ya tairi la upepo, baada ya kulitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, alikuwa amelisajili wazo kama hilo katika miaka ya 1840, watu wakalisahau. Napenda sana kwamba mtu huyo alikuwa tabibu wa wanyama. Alichoweka chini ya vyombo vyetu kina tabia za mnyama: kinapumua, kinaumwa, kinahitaji kupumzishwa kivulini, na kinachagua siku ya kugoma. Wakulima wa Usukumani, wanaofunga matairi ya gari kwenye mikokoteni ya ng'ombe, wamekamilisha duara lake bila kumjua.

Turudi kwenye lugha, maana hapo ndipo palipozuka ugomvi. Jirani husema "tairi imepasuka". Mimi husema "tairi limepasuka", na wingi wake "matairi yamepasuka". Siku moja trekta lilisimama njia ya Rugezi, tairi la tela likiwa limelala chini kama chapati, nasi tukiwa na wasiwasi wa kukuta kivuko cha kwenda Kisorya kimeondoka. Jirani akapaza sauti, "Tairi imepasuka!" Nikasema, kwa mazoea ya darasani tu, "Limepasuka, mzee." Akanigeukia. "Mwalimu, wewe unaiona au unaliona?" Dereva akaacha jeki, akaingilia kwamba kwao hilo si tairi bali ni mpira, kwa hiyo umepasuka. Tukasimama pale watu watatu na ngeli tatu, na gurudumu moja. Kijana wa fundi pancha, aliyefika kwa baiskeli na beseni mgongoni, alitusikiliza kidogo, akatoa tyubu, akaijaza, akaichovya majini, na viputo vilipotokea alisema neno lisilobishaniwa na kamusi yoyote: "Hapa." Akasugua kwa msasa, akapaka solusheni, akabandika kiraka. Kivuko tulikikuta.

Nimecheka vya kutosha, na sitaki mzee aonekane mjinga, kwa sababu si mjinga. Tela halibebi mihogo tu. Kukiwa na msiba kijiji cha mbali, tela hubeba watu: akina mama na mikeka yao, vijana wamekaa ukingoni, miguu inaning'inia. Sisi wa visiwani hatuhitaji kufundishwa maana ya uzito uliozidi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Ukara, na waliokufa walizidi 200. Katika kisiwa hiki huwezi kuzungumzia chombo kilichojaa kupita kiasi ukaendelea kucheka. Jirani hapandishi watu zaidi ya idadi aliyojiwekea. Wakimlalamikia kwamba nafasi ipo, na wakimwita bahili, huwaonyesha ubavu wa tairi. Nimemwona akiwashusha vijana wawili mbele ya ndugu wa marehemu, akapata lawama ambayo haijaisha mpaka leo. Vijana walikwenda kwa miguu. Wale waliosema ana wasiwasi wa kijinga walikaa juu ya tela wakasafiri salama, na huenda hawataunganisha kamwe mambo hayo mawili.

Waliobaki wa kundi lake wana njia nyingine. Yuko anayesema "Mungu yupo" na kuondoka na kipara kinachong'aa kama bilauri. Yuko aliyeacha kutamka neno pancha kabisa, akidai huliita. Tairi lake likiisha upepo husema "limepumzika". Huyo namwelewa kuliko wa kwanza. Tafsida ni kiraka cha maneno. Haizuii upepo, lakini inampa mtu ujasiri wa kutafuta jeki.

Usiku wa safari ile ya Rugezi nilitunga ubeti mmoja, nikamsomea mzee kesho yake barazani:

Tela langu la mihogo, lalia kama mtoto,
Upepo wake kidogo, lakanyaga makokoto,
Dereva ana mikogo, hajui nyuma ni joto,
Tairi, usinitupe, Rugezi hatujafika.

Aliniomba niurudie. Akahesabu kwa vidole, maana enzi zake naye alisomea mashairi, akakiri kwamba mizani imetimia. Kisha alitaka mabadiliko mawili. La kwanza, niseme "mpira" badala ya "tairi", ili tusifufue ugomvi. Nikamwomba aniachie neno langu, naye, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikubali tairi libaki jinsi lilivyo. La pili ni kuondoa neno "mikogo". Nilimuuliza kasoro yake ni nini, kina kikiwa safi hivyo. Alitazama uani, ambako tela lilikuwa juu ya matofali na dereva amejinyoosha kivulini mwake, akashusha sauti.

"Anajua kusoma," akasema. "Na Jumamosi tuna safari."

Ninaendelea kutafuta neno la mizani mitatu linaloishia na "-go".